Mzinga Nyuma ya Pikapu ya Levi

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane, mwaka wa 2002, siku isiyo na jambo. Nilikuwa nimekaa nje ya karakana yangu hapa Muthetheni nikipiga msasa miguu ya kitanda. Mke wangu Nthambi alikuwa anapepeta pojo mlangoni, na mtoto wetu Syokau, wa miaka minne, alikuwa anacheza na unga wa mbao. Nyumba yangu na karakana ziko kiwanja kimoja kando ya barabara. Mtu akikohoa huku, kule anaambiwa pole.

Jina langu ni Laban. Nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Mambo ya giza sipendi kuyaandika, maana ukiyataja sana unayapa kiti nyumbani mwako. Lakini hii dhambi nusu yake ni yangu, na lazima niiungame. Nusu ile nyingine ni ya Levi, na Levi hataiandika.

Levi wa Wathome nilimjua tangu tukichunga mbuzi. Tulibatizwa siku moja. Kwenye kwaya alisimama kushoto kwangu miaka kumi na mitatu, tukiimba besi. Alikuwa na pikapu, Peugeot kuukuu, ambayo alizunguka nayo sokoni akicheza na kuuza kanda za kwaya yetu. Mimi ndiye nilimtengenezea sanduku la ile spika kubwa ya mlio mzito, ile vijana wanaiita wufa, ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Siku hiyo alisimamisha pikapu, akashuka bila salamu.

"Laban, hiyo sanduku yako inacheka."

"Inacheka namna gani?"

"Jana kule Mwala. Kwaya inaimba mambo ya msalaba, sanduku inafanya krrr, krrr, kama mzee amemeza ugoro. Watu walicheka mpaka punda za maji zikageuka kuangalia."

Niliona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Sanduku la wufa lazima lizibe hewa kabisa. Mimi hulipima kwa mshumaa: unacheza muziki, unapitisha mshumaa kwenye viungo, na mahali moto unapotikisika ndipo hewa inapotoka. Nilikuwa nimetumia plaiwudi, gundi na skrubu, lakini barabara yetu haina huruma. Ilitikisa viungo mpaka vikaachana.

"Kitu yenye viungo lazima ifunguke," nikamwambia. "Labda nipate mbao moja isiyo na kiungo."

"Na kama niko nayo?"

Akafunua turubai nyuma ya pikapu.

Ulikuwa ni mwatu, yaani mzinga wa nyuki wa gogo, kama wazee wetu walivyokuwa wakitengeneza. Gogo moja lililochongwa ndani mpaka likawa tupu kama pipa, refu kama mtoto wa darasa la tatu, ncha zote mbili zimezibwa kwa vifuniko vya mbao. Nje lilikuwa limeshakuwa la kijivu kwa jua. Karibu na mlango wa nyuki kulikuwa na mikato mitatu na tundu moja. Hiyo ilikuwa alama ya mzee Wathome, baba yake Levi, tuliyemzika mwezi wa tano.

Kwetu kila mwenye mizinga ana alama yake, na mzinga wa mtu haufunguliwi na mwingine. Hata mwizi wa ng'ombe akipita chini ya mzinga huangalia miguu yake. Nilijua hivyo. Nilijua kabla sijaugusa. Lakini niliugonga kwa vifundo vya vidole, ukalia *duuu*, mlio mzito, safi, ulioingia tumboni mwangu ukakaa. Nikafikiria vile watu wa Mwala, Masii mpaka Machakos mjini watakavyouliza ni fundi gani huyu. Hapo ndipo nilipoanguka.

"Nyuki je?" nikauliza.

"Walihama zamani. Fungua tu."

"Si ufungue wewe? Ni ya baba yako."

"Mimi nyuki hawanipendi, unajua." Akacheka, halafu akavuka barabara akaenda kusimama ng'ambo kule, mikono mfukoni.

Nthambi aliacha kupepeta. "Baba Syokau, hiyo si mzinga ya Wathome?"

"Ndiyo. Na mtoto wake ndiye yule."

"Mbona basi amesimama kule?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia amalize pojo zake, mambo ya mbao aniachie. Nilitaja jina la Yesu juu ya ule mzinga, lakini sikulitaja kwa imani. Nililitaja kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia.

Nikaingiza patasi, nikabandua kifuniko.

Hakuna nyuki aliyetoka. Hakukuwa na nta wala sega wala mdudu aliyekufa. Ndani kulikuwa kusafi kama kumefagiwa. Kitu kimoja tu kilitoka, hewa. Ilinigonga usoni, na ilikuwa ya joto, yenye unyevu kidogo, kama ya mtu aliyefunikwa kinywa muda mrefu.

"Umefungua?" Levi akauliza kutoka ng'ambo.

"Nimefungua."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwani unaona mwingine?"

Akavuka mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaufinya. Alikuwa ameloa jasho. Nilidhani ni furaha.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilikata kifuniko cha mbele kwa mbao nene, nikatoboa duara la wufa, nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndani nilitandika sponji ya godoro. Mlango wa nyuki niliuziba, na nyuma nikaweka kipande cha bomba la maji chenye wavu mdomoni ili besi ipumue. Nyufa zote nikazijaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Ijumaa tukaufunga nyuma ya pikapu kwa vyuma, Levi akaunganisha nyaya, akaweka kanda.

Nilipitisha mshumaa kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Moto ulisimama wima kama umechorwa.

Na ule mlio! Madirisha ya maduka yalitetemeka. Akina mama wa nyanya walishika vifua wakacheka. Levi aliniinua juu kama mtoto. Ninaungama kwamba sijawahi kufurahi hivyo hata siku ya harusi yangu.

Jioni hiyohiyo nilimwita Nthambi aniletee maji ya kunawa. Hakuitika. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nikamwita tena kwa nguvu. Aliendelea kukata sukuma. Nikaenda nikamgusa bega.

"Aiya! Umenishtua," akasema. "Si ungeita?"

Nilidhani amekasirika juu ya yale maneno ya Jumatano.

Jumamosi nilimwona Mama Wavinya, mteja wa kabati, akipita. Nilimwita kwa jina. Akapita. Nilimwita mwenye duka la misumari, tukiwa tunaangaliana kutoka ng'ambo ya barabara. Akaniangalia hivi, halafu akageuza macho, kama mtu anayeangalia mti. Nikimkaribia mtu na kuongea naye uso kwa uso, tunaongea vizuri. Lakini nikiita, sauti yangu inaondoka mdomoni na haifiki.

Syokau peke yake ndiye aliyekuwa akiitika. "Naaam, baba!" anakuja mbio. Jioni hiyo nilimwita mara ishirini bila sababu.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kutoa ushuhuda. Kanisa lilikuwa limejaa. Pikapu ya Levi ilikuwa imeegeshwa nje chini ya dirisha, imezimwa. Ninasema tena: ilikuwa imezimwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Levi aliyekaa kwenye kwaya.

Nikasimama mbele. "Bwana asifiwe!"

Kimya.

Mtu ambaye hajakulia kanisani hawezi kuelewa kimya hicho. Hata mlevi akiingia akisema Bwana asifiwe, anaitikiwa. Watu mia mbili waliniangalia. Mtoto mmoja alipiga chafya.

"Bwana asifiwe!"

Ndipo nje, chini ya dirisha, kitu kililia. *Duu, duuduuduu.* Milio mizito minne. Sakafu ilitetemeka kidogo.

"Amina!" kanisa lote likaitika.

Waliitika wakiwa wamegeuza vichwa. Walikuwa wanaangalia dirisha.

Nilimtafuta Levi kwa macho. Alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo. Kitabu kilikuwa juu chini.

Sikungoja sadaka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikatembea mpaka kwa marehemu Wathome. Ni mwendo wa saa moja kwa mguu. Ndila, dada yake Levi, ndiye aliyebaki katika boma lile. Hakuolewa. Ndiye aliyemwosha mzee na kumlisha miaka yake minne ya mwisho, wakati Levi akizunguka sokoni. Nilimkuta anawanywesha mbuzi maji.

Kutoka langoni nilimwita. Hakugeuka.

Nilipomfikia na kumsalimu, aliniangalia usoni. Akaweka mtungi chini.

"Ni wewe uliyeufungua ule mzinga," akasema. "Hodi yako sijaisikia."

"Levi ndiye aliyeniletea, akasema nifungue tu."

"Levi alikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa amekaa pale kwa kiti, mimi nimeshika kichwa cha mzee." Sauti yake ilishuka mpaka nikainama kumsikia. "Mizinga kumi na moja alimpa Levi. Wa kumi na mbili akasema ni wa Ndila. Levi akauliza, mtoto wa kike apewe mzinga? Mzee akaacha kiumo."

Kiumo ni neno la mwisho la mzazi anayekufa. Likishatoka halirudi, na halina rufani.

"Alisema nini?"

"Alisema, mwingine asiyekuwa Ndila akiufungua kwa mkono wake, akiita asiitikiwe. Uitikiwe mzinga."

Mbuzi walikuwa wameacha kunywa.

"Levi alilisikia hilo neno, mkono, Laban. Alilisikia vizuri sana. Ndiyo maana akatafuta mkono wako." Akapangusa macho kwa kanga. "Uko na mtoto, wewe?"

"Mmoja."

"Bado anakuitika?"

"Bado."

"Basi kimbia. Wa mwisho kuitika ndiye anayetafutwa."

Nilikimbia. Mimi si mtu wa mbio. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Nilivuka mto mkavu, nikaanguka kwenye mchanga, nikaamka. Nilikuwa nalia, na sikuwa ninalia kwa hofu peke yake. Nilikuwa naona ile mikono miwili ikinifinya. Miaka kumi na mitatu, kushoto kwangu.

Nilipotokea juu ya kilima niliiona nyumba yangu. Nthambi alikuwa ameshatoka kanisani, anaanika nguo nyuma ya nyumba. Syokau alikuwa ameketi mlangoni na gauni lake la Jumapili, la njano. Na kwenye barabara, kutoka upande wa kanisa, pikapu ilikuwa inakuja. Ilikuwa inakuja kasi. Vumbi lilikuwa limesimama nyuma yake kama ukuta.

Haikuwa imewekewa kanda. Hakukuwa na kuimba. Ulikuwa mlio mmoja tu, mzito, unapanda na kushuka. Niliusikia kifuani kwanza. Halafu masikioni.

Ilikuwa sauti yangu.

Ilikuwa inaita, "Syokau. Syokau mwanangu. Njoo."

Mtoto akasimama.

"Naaam, baba!"

"Syokau!" nikapiga kelele. "Rudi! Syokau!"

Hakugeuka. Alitabasamu akiangalia barabara. Akaanza kukimbia.

"Nthambi! Shika mtoto! Nthambi!"

Nthambi alikuwa anakung'uta shati. Alilitundika. Akachukua lingine.

Sikumbuki kuteremka kile kilima. Ninakumbuka gauni la njano. Ninakumbuka mguu wake mdogo ukikanyaga ukingo wa barabara. Nilijirusha. Mkono wangu ulishika kitambaa, kikapasuka, nikashika nywele. Nikavuta. Upepo wa pikapu ulinipiga mgongoni, na kioo cha pembeni kikanipasua hapa juu ya sikio. Kovu liko.

Syokau alikuwa analia mikononi mwangu na kuninyooshea kidole. "Wewe si baba," akasema. "Baba yuko kule."

Levi alikuwa amefunga breki mbele kidogo. Alishuka. Alikuwa ameng'oa nyaya zote za redio; zilikuwa zinaning'inia shingoni mwake. "Nimeizima," alikuwa akisema. "Nimeizima tangu kanisani. Usukani ulikataa, Laban. Naapa usukani ulikataa."

Nilimpa Nthambi mtoto. Niliingia karakana nikachukua shoka.

"Ulijua," nikamwambia.

Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Nilidhani haitavuka ukoo," akasema. "Nilisema, huyu si wa nyumba yetu, kiumo haitamjua. Hata nilifunga kula siku nzima nikiomba."

"Uliomba nini? Kwamba isinishike?"

Akaanza kuzitoa zile nyaya shingoni.

"Levi. Uliniombea, ama ulijiombea?"

Ndipo akainua macho. "Mimi niko na watoto watano, Laban," akasema pole pole, kama anamweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Wewe uko na mmoja."

Shoka lilikuwa mkononi mwangu. Ninaungama kwamba kwa muda wa pumzi mbili sikuwa nafikiria mzinga. Bwana ndiye alinishika. Niligeuka nikakata vyuma, nikauteremsha mzinga chini, nikafungua skrubu za wufa moja moja kwa vidole vinavyotoka damu.

Nyuma ya spika kulikuwa na sega. Jipya, jeupe, limeshikana na sumaku, limejaza ile sponji yote. Nilikuwa nimeziba kila tundu, na bomba lilikuwa na wavu wangu, mzima. Hakukuwa na nyuki hata mmoja. Na kila chumba cha sega kilikuwa kimefungwa kwa nta, kama kuna kitu kilichowekwa akiba.

Niliupakia kwenye mkokoteni wa punda, nikampelekea Ndila siku hiyohiyo. Levi hakutoa mkono kusaidia. Ndila alinipokea langoni. Aliufunga vifuniko yeye mwenyewe, akaukalia kama kiti, akasema, "Laban." Nikaitika. Akasema mara tatu, nikaitika mara tatu. Halafu akaniambia niite jina lake. Niliita. Nilingoja. Sijawahi kungoja vile.

"Eee," Ndila akasema. "Nimekusikia. Nenda nyumbani."

Nilipofika nilisimama barabarani, sikuingia. Nikaita, "Nthambi!"

"Nini tena?" akajibu kwa hasira kutoka jikoni.

Nilikaa chini nikalia kama mjane.

Levi aliuza pikapu, akahamia Mavoko, kwenye viwanda. Hajawahi kuniambia pole. Krismasi moja alimtuma mkewe alete mkate na vitu vya chai, majani na maziwa ya pakiti, na mkewe akasema, "Levi anauliza kama mmepoa." Nilipokea. Mchungaji ananiambia nisamehe, nami kila asubuhi ninapiga magoti na kutamka kwamba nimemsamehe Levi wa Wathome. Mdomo unasema. Ninaungama kwamba mdomo tu ndio unaosema.

Mzinga uko kwenye mti kwa Ndila, ng'ambo ya mto. Anasema nyuki walirudi.

Syokau sasa ana miaka saba, anasoma. Ni mtoto mtiifu. Lakini nikimwita haji mara moja. Husimama kwanza, kichwa upande, kama anayehesabu, halafu ndiyo anaitika. Nilidhani ni utundu wa shuleni. Juzi nilimwita alete rula, akakaa vile, nikamkaripia.

"Mbona ukiitwa unangoja?"

"Nilikuwa nangoja ya pili, baba."

"Ya pili gani?"

"Si huwa unaita mara mbili? Ya kwanza inatoka kule mtoni." Akanishangaa. "Mama alisema hiyo tusiitike."

Nilimwangalia Nthambi, aliyekuwa akipepeta pojo mlangoni. Hakuinua uso.

Mimi huita mara moja tu.